Msumeno Mkubwa wa Arbab

Karakana yetu ya useremala ya Satwa, Dubai, ilikuwa na msumeno wa mkanda uliochoka kuliko sisi sote. Siku gurudumu lake la juu lilipopasuka, arbab wetu, yaani yule tajiri Mwarabu aliyetuajiri, hakusikitika hata kidogo. Jirani, naye mwenye karakana, alikuwa ametoka kununua mashine mpya, na tangu hapo arbab hakuwa na raha.

"Tunataka mkubwa," akatuambia. Mkubwa wa kufanyia nini, hilo halikumhusu. Tulikuwa tunatengeneza milango na meza za mikahawa ya Marina, lakini ukimsikiliza ungedhani tumepewa kazi ya kupasua meli.

Akatuchukua wawili tukamsaidie kuchagua: mimi wa Mombasa, na mwenzangu, mzee wa Unguja. Kusaidia maana yake ni kusimama nyuma yake na kuitikia. Karakanani mzee ndiye aliyekuwa akisukuma mbao kwenye msumeno, mimi nikizipokea upande wa pili. Tulikwishazoeana hadi tukawa tunaelewana kwa kukohoa.

Duka lilikuwa safi kama hospitali. Tuliletewa kahawa na tende, na arbab akaanza kumlalamikia kila mtu mle kuhusu mashine ya jirani. Muuzaji, bwana wa Kihindi mwenye tai na manukato yaliyofika kabla yake, akaupita msumeno mmoja mweusi wa chuma kizito bila kuutazama, akasimama mbele ya mwingine wenye kioo cha kugusa na taa ya buluu. Taa ile ilikuwa ya nini sijui. Labda mbao huogopa giza.

"Huu unavuta mbao wenyewe," akasema kwa Kiarabu kitamu. "Mtu mmoja anatosha."

"Mmoja?" Arbab akageuka. Akamtazama mzee, akanitazama mimi, kama mtu anayechagua kuku sokoni.

Nikaweka kikombe changu chini. Mzee akaninong'oneza kwa Kiswahili, ile lugha yetu ya siri ambayo Dubai nzima hakuna aijuaye, isipokuwa walinzi, wahudumu na nusu ya wachukuzi wa soko la Al Ras.

"Yakhe, mwambie msumeno unatetemeka."

"Haujawashwa, mzee."

"Basi mwambie ukiwashwa utatetemeka! Mie n'tasema mkanda wake mwembamba."

Nikamweleza arbab, kwa uso wa daktari mwenye habari mbaya, kwamba mashine za aina hii zina mtetemo. Mzee akaigonga kwa kidole, akatikisa kichwa, akavuta pumzi kama aliyefika msibani. Arbab akaanza kuingiwa na wasiwasi.

Muuzaji akatabasamu. "Ndugu zangu," akasema kwa Kiswahili cha Kariakoo, "mnaniharibia biashara. Mimi nimezaliwa Dar."

Ningependa kusema tulisimama kiume. Mzee aligeuka akasoma kwa makini bango lililoandikwa Kichina. Mimi nilimeza tende na kokwa yake.

"Wanasema nini?" arbab akauliza.

Muuzaji akatutazama kidogo, akamgeukia arbab kwa Kiarabu.

"Wanasema mtu mwenye hadhi kama yako hastahili mashine ya mtu mmoja." Akatuongoza hadi kwenye ule mweusi. Ulikuwa mrefu kumpita arbab, na bei yake ndefu vilevile. Huruma ya muuzaji, nikaona, ilikuja na kamisheni yake. "Huu unataka mafundi wawili, wazoefu. Wa jirani yako ni wa wangapi?"

"Mmoja."

"Basi, sir."

"Khalas," akasema arbab. "Huu."

Ulipoletwa, haukupita mlangoni. Tukang'oa fremu ambayo tuliitengeneza wenyewe, huku arbab amesimama barabarani akihakikisha jirani anaona. Jirani akaja, akauzunguka, akarudi kwake.

Mzee alisukuma mbao kwenye msumeno ule mpaka alipochoka mwenyewe, akaaga, akarudi Unguja kwa hiari yake, si kwa kufukuzwa. Kwa mtu wa kazi kama zetu, Dubai sijaona anasa iliyozidi hiyo.