Asiye na Tiketi Hahesabiwi

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, hata nikitaka kuisahau. Nilikuwa karani wa tiketi katika kituo kidogo kwenye reli itokayo Kolwezi kwenda Dilolo. Nilikuwa nimemaliza sekondari juzi tu, nina kofia ya kazi na kitabu cha tiketi, nami nikajiona mkubwa kuliko treni yenyewe.

Desturi ya kituo chetu ilikuwa hii: watu hawakukata tiketi. Walinipa kuku au sahani ya unga wa muhogo, nami nikawafungulia behewa. Kontrola, mkaguzi wa tiketi ndani ya treni, alipata paja lake, abiria alipata nafasi, na kitabu changu kilibaki kipya. Tuliuita wema. Na kuku wa kule, niseme kweli, walikuwa wanono.

Mtu mmoja tu aliukataa wema huo. Ni Mama Tshilanda, mjane aliyepeleka asali na samaki wa kukaushwa sokoni Kolwezi kila wiki. Alisimama dirishani mpaka nimwandikie tiketi yake. Siku hiyo nilimdhihaki mbele ya watu, nikamuuliza kama anakusanya karatasi za kuwashia moto. Wakacheka. Yeye akaweka ndoo yake chini.

"Tata karani," akasema, maana kwetu baba huitwa tata, "siku moja batakuya kuuliza ni batu gani banapandaka hii treni. Utabaonyesha kuku?"

Nikacheka na mimi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwaka haukuisha, wakaja. Walikuwa mabwana wawili wa mipango, wametumwa kuamua vituo gani vibaki. Hawakuuliza mtu yeyote kijijini. Walitaka kitabu changu. Wakafunua ukurasa baada ya ukurasa: kila wiki tiketi moja. Mmoja akaniuliza kama ni kweli hapa anapanda mtu mmoja tu. Nje ya dirisha kulikuwa na watu zaidi ya arobaini wamekaa juu ya mizigo yao. Nami, kwa kuogopa kuvuliwa kofia, nikajibu kwamba ndiyo, ni mmoja.

Kituo kikafutwa. Treni ikawa inapita bila kusimama, na kofia nayo ikaenda, maana pasiposimama treni karani ni wa nini? Mchuma janga hula na wa kwao.

Miezi baadaye nilimkuta Mama Tshilanda barabarani, anasukuma baiskeli yenye ndoo za asali, siku ya pili ya safari, mguu umefungwa kitambaa. Hakunitukana. Alifungua pindo la kitenge, akanionyesha fungu la tiketi zake zote, zimefungwa kwa uzi.

"Mi niko na zangu," akasema. "Ya benzangu iko wapi?"

Akaendelea kusukuma baiskeli yake. Aliondoka duniani bila kupanda treni tena.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita serikali iliita watu ukumbini hapa Kolwezi kueleza mpango mpya: mabehewa ya abiria, tiketi za kukata kwa simu, saa za treni zinazojulikana. Walibandika ramani ukutani. Nikaitafuta nukta ya kituo chetu; haikuwapo. Kijana mmoja mchimbaji, miguu myekundu kwa udongo, akasema tiketi ni ya nini, wao hupanda juu ya mabehewa ya madini bure. Ukumbi ukacheka, na mimi nikasikia kicheko changu cha zamani.

Nikasimama. Mwenyekiti akasema muda umekwisha, tata akae. Sikukaa. Nilisema mbele ya wote kwamba nilidanganya, kwamba watu arobaini na zaidi walifutwa kwa kinywa changu, na wajukuu wao bado wanasukuma baiskeli kando ya reli ambayo shaba inapita juu yake kila siku. Akaniambia tena nikae.

"Andikeni kituo chetu kwanza," nikasema. "Halafu nitakaa."

Nilibaki wima mpaka karani wao akaandika. Nikamwomba anisomee alichoandika. Akasoma. Ndipo nikakaa. Kama watakiacha karatasini tu, watanikuta tena mlangoni mwao, nami sina kofia ya kuogopea.

Mwanangu, asiyekuwapo na lake halipo. Usimpe mtu kuku ili akufiche. Anayekuficha leo atakukana kesho. Dai tiketi, iwe ya karatasi au ya simu, na uitunze. Wakija na ramani, itafute nukta yako, na usipoiona usikae. Shaba haina mdomo, ila ina behewa. Wewe una mdomo.

Mungu akupe miguu isiyochoka kusimama, na treni itakayosimama kwa ajili yako.