Springi ya Breki na Fahali wa Mjomba

Ukiminya breki ya baiskeli halafu ukaiachia, ni nini kinachoirudisha? Binamu yangu Muhonja aliniuliza hivyo Jumapili moja uani kwa mjomba wangu, huko Malinya, na mimi na digrii yangu nikamjibu kwamba inajirudisha yenyewe. Leo nacheka, lakini baada ya siku ile nilikaa wiki nzima sionekani sokoni.

Springi ya breki ya mbele ilikuwa imechoka, haina nguvu tena ya kuziondoa zile raba kwenye rimu, kwa hiyo baiskeli ilikuwa inajibana yenyewe na ukiiendesha ni kama umebeba gunia la mahindi. Muhonja akasema tungoje fundi atoke kanisani atie springi mpya. Kungoja? Mimi? Nilikuwa nimekabidhiwa sufuria ya ingokho, kuku wa kienyeji wa wanaume uwanjani, kwa sababu fahali wa mjomba, Tingatinga, alikuwa anapigana na fahali mwenzake siku hiyo, na mchuzi ukipoa lawama ni zangu.

Basi nikawaza kisomi: kazi ya springi ni kuweka breki wazi, kwa hiyo chochote kinachoweka breki wazi ni springi. Nikaing'oa, nikakata ukanda wa tyubu kuukuu, nikaivuta mikono ya breki na kuifunga ikatengana kabisa. Gurudumu likazunguka kama feni. (Breki ya nyuma? Hiyo ilikuwa pambo tangu zamani.)

"Wewe unaulizanga kila kitu," Muhonja akasema, "isipokuwa utasimamaje."

Mjomba alikuwa ameshatangulia na fahali, na sharti lake lilikuwa moja: fahali akienda kupigana, mtu asimkatize njia; akikatizwa, anarudishwa nyumbani. Jana yake nilikuwa nimembishia huyo khotsa, yaani mjomba.

"Khotsa, kwani fahali atajuaje?"

"Fahali hajui," mjomba akanijibu. "Watu ndio wanajua."

Kwenye tambarare nilipaa, sufuria nimeifunga mgongoni. Kisha ukaja mteremko, na chini kwenye njia panda nikasikia ngoma za isukuti na pembe, kumbe msafara mzima uko pale na Tingatinga katikati, nikaminya breki ikakataa kusogea, nikaminya kwa nguvu zangu zote, ule mpira ukaishikilia wazi kwa uaminifu wa kutisha, nikashusha miguu, slipa zikabaki nyuma, mchuzi ukaanza kunitiririka mgongoni (haukuwa umepoa, nawahakikishia), nami napiga mayowe, "Pisheni! Sina breki!"

"Nani huyo?"

"Si yule wa chuo kikuu!"

Nikapita karibu kuigusa pua ya Tingatinga, nikaingia kwenye shamba la mahindi la watu na kutua chali, paja la kuku begani.

Ngoma zikanyamaza.

"Amekatizwa," akasema mpiga pembe.

"Tena na mpwa wake mwenyewe!"

"Tena na ingokho!" mwingine akaongeza, na barabara nzima ikaangua kicheko, isipokuwa mjomba. Fahali yule alimlea tangu akiwa ndama, jina lake lote kijijini lilikuwa juu ya pembe zile, na mimi nilikuwa nimelimwagia mchuzi. Akavua kofia, akanitazama, akamtazama Tingatinga, akashusha pumzi ndefu.

"Basi. Sharti ni sharti. Turudi."

"Khotsa, nisamehe," nikasema, machozi yananilengalenga.

"Nyamaza, mtoto. Huyo kuku amebaki kiasi gani?"

Tangu hapo sipandi baiskeli kabla sijaiminya breki na kuiachia nikiwa bado nimesimama chini, na springi ikichoka nangoja fundi, hata kama mahubiri ni marefu.

Mwaka uliofuata, tukichambua mboga jikoni, mke wa mjomba akaniambia, huku akijizuia kucheka, kwamba siku ile Tingatinga hakuwa amegusa majani tangu juzi yake, na kwamba mjomba alikuwa ameitembea njia ile yote akiomba kimoyomoyo mtu yeyote, yeyote yule, amkatize.