Siku Tuliyopaka Rangi Mikorosho

Usiku ule sikulala. Nilikaa kwenye kigoda, simu mapajani, nikingoja habari za Getrude kutoka hospitali ya Masasi. Kila mbwa alipobweka nilidhani mtu anakuja kunipa taarifa ya msiba.

Getrude ni mke wa Kasiani, na Kasiani ni mpwa wa marehemu mume wangu, Marko. Jana yake alfajiri walipita hapa kwangu kijijini, Newala, wakienda kutafuta gari la Masasi. Getrude alikuwa amekaa katikati kwenye pikipiki, midomo imemkauka, mumewe amemshika kwa nyuma.

"Shikamoo, mke wetu," alisema Kasiani. Kwetu mpwa humtania mke wa mjomba, eti ndiye urithi wake. Hata siku ile hakuuacha utani.

"Marahaba. Urithi gani huo usioletewa hata mzigo wa kuni?"

Alitabasamu kidogo. "Mama Fortunatus, naomba umwambie mzee Hamudi kesho sitakuwepo shambani. Nimempigia, hapatikani. Wasipake rangi mpaka nirudi."

"Nimesikia," nilimjibu.

Sikusema nitamwambia. Nilisema nimesikia. Neno hilo nililichagua, na nilijua kwamba nalichagua.

Tulikuwa tunagombea mikorosho kumi na mmoja ya upande wa bondeni. Marko aliipanda mwenyewe, ndivyo nilivyoshikilia mimi, kwa hiyo ni ya watoto wake. Kasiani alisema waliipanda pamoja, yeye akiwa kijana, akibeba maji kichwani, na kwa desturi ya ukoo wa mama mpwa ana haki yake. Wazee waliamua tukutane palepale shambani, kila upande useme, kisha mzee Hamudi apake rangi nyekundu kwenye miti ya watoto wa Marko. Asiyefika bila kutuma neno, amejitoa.

Siku ilipofika, mzee Hamudi alisimama na kopo la rangi, akatazama njiani.

"Kasiani yuko wapi?"

Wengine hawakujua. Mimi nilijua.

"Jana yote simu yangu ilikosa chaji," akasema, "na leo asubuhi hajanipigia. Au kuna aliyetumwa?"

Mwanangu Fortunatus alininong'oneza, "Mama, tumngoje hata kidogo. Huyu si mtu wa kukimbia maneno."

"Mwambie mzee aanze," nilisema. "Leo, leo."

Fortunatus akaenda kumshikia kopo, na miti yote kumi na mmoja ikapakwa. Mimi sikugusa brashi. Nilisimama mbali, mikono nimeificha ndani ya kanga.

Usiku ule wa kungoja ndipo nilipomkumbuka Bibi Jasu. Nilipomaliza darasa la saba nilifanya kazi Masasi kwa Mhindi mwenye duka la vitambaa, na Bibi Jasu alikuwa mama yake. Tukichambua dengu alinisimulia vita kubwa ya dini yao, ndugu wa ukoo mmoja wakipigania ufalme. Mungu wao alishuka akawa mtu. Aliahidi hatashika silaha, ataendesha tu gari la farasi la mmoja wao. Siku moja gurudumu la gari la adui lilizama kwenye matope. Adui akashuka kulikwamua, akaomba asubiriwe, maana sheria ya vita ilikataza kumpiga mtu aliyekwama. Yule mungu akamwambia mpiga mishale aliyekuwa akimwendesha: piga sasa.

"Mungu gani huyo, Bibi?" nilimwuliza.

Alinirushia punje ya dengu. "Wee msichana! Huyo adui alikuwepo wenzake walipotaka kumvua mwanamke nguo mbele ya watu. Alicheka. Siku ile hakuikumbuka sheria. Aliikumbuka alipokwama yeye."

Jibu hilo nililishika usiku kucha. Nami nilikuwa na la kumshikia Kasiani. Siku ya tatu ya matanga ya Marko alikwenda bondeni kuhesabu mikorosho, macho yangu bado yamevimba. Siku ile huruma ilikuwa wapi? Nikajiambia tumelipana.

Asubuhi simu ililia. Getrude amepasuliwa, yu hai. Nilishukuru Mungu kwa sauti, kisha nikaona aibu kusikia sauti yangu mwenyewe.

Walirudi baada ya siku kumi na mbili. Kasiani aliiona rangi. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee Hamudi, akamsimamia uani mbele ya wajukuu zake.

"Mzee, umezeeka vibaya! Nimetuma neno, wewe umekula na wajane!"

"Sikupata neno lolote, mwanangu."

"Sasa unasahau au unadanganya?"

Mzee Hamudi akasita. "Labda nimesahau," alisema. "Siku hizi nasahau."

Nilikuwa nyuma ya ua wa mabua, nimekwenda kuomba moto. Nilisikia yote, nikageuka na kijinga changu kisichowashwa. Tangu siku ile watu waliacha kumwita mzee Hamudi kwenye vikao. Alikaa barazani kwake akijaribu kukumbuka kitu ambacho hakikutokea.

Ndipo hadithi ya Bibi Jasu iliponirudia sehemu yake ya mwisho, ile niliyoiruka. Vita ilipokwisha, mama aliyepoteza wana wote alimwendea yule mungu akamlaani. Yeye hakusema mimi sikushika silaha. Hakuutaja ubaya wa wana wa yule mama. Aliipokea laana, akasema, imenipata. Hapo Bibi Jasu alikuwa akiacha dengu na kujifuta macho.

Jana alasiri nilikwenda kwa Kasiani. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini redio ilisikika ndani.

"Hodi."

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Getrude.

"Mama Fortunatus."

Redio ikazimwa. Sikungoja. Nilisema kila kitu nikiutazama mlango: kwamba mzee Hamudi hakusahau, kwamba neno lilikufa kwangu, kwamba Fortunatus hakujua. Kuku walinizunguka miguuni wakidhani nimeleta chakula.



"Nilikuwa nalia juu ya ile pikipiki," alisema Getrude. "Uliniona."

"Nilikuona."

"Basi mikorosho hiyo isikuzalie. Iangushe maua mpaka ukome."

"Imenipata," nilisema.

Kasiani alikohoa. Nilimsikia akisogea, akasimama upande wa pili wa mbao. Hakuniita mke wetu.

"Umekuja kwangu kwa sababu mimi ni ndugu," alisema. "Nenda kwanza kwa mzee. Mwambie mbele ya watu, kama nilivyomtukana mbele ya watu. Mimi nitakukuta hukohuko, nami nina la kusema."

"Nitamwambia," nilisema. Safari hii nilisema nitamwambia.

Mlango haukufunguliwa. Nilijifunga kanga vizuri, nikashika njia ya kwa mzee Hamudi, na nyumba zote njiani zilikuwa na watu nje.