Aliyemvua Askari Buti

Itangazwe kwa majeshi yote, ya nyama na ya rangi ya mafuta, kwamba amri kuu hutolewa River Road, orofa ya pili, na fundi cherehani anayeshonea mabawabu wa Lavington sare zao. Pini hazimtoki mdomoni, kwa hivyo huongea kwa upande mmoja. Vidole vyake havijui kutulia. Akikusalimu tu, vishapapasa ukosi wa shati lako kutafuta kosa. Nyawira, mchoraji, alimpelekea picha aliyokuwa akimchorea bibi mmoja wa Kangemi, wa miaka tisini, aliyetaka kumwona babake tena, akiwa askari wa Mwingereza kama alivyokuwa kabla yeye hajazaliwa, kabla macho hayajamzimikia kabisa. Nyawira alikuja kuulizia vifungo tu. Fundi akaanzia chini, miguuni, kama afanyavyo akimpima mteja.

"Hii ni vita gani?"

"Ile ya kwanza, mzee."

"Basi mvue buti. Hizo zilikuwa za wazungu. Hawa walitembea miguu mitupu, wamejifunga vitambaa hadi magotini. Na vidole uvitawanye."

Nyawira alikuwa amezing'arisha buti hizo siku mbili nzima, kwa heshima. Akazifuta. Jumapili bibi aliisogeza picha hadi puani, akavigusa vile vidole vya miguu kimoja kimoja, akacheka huku akilia: "Ni baba! Ni yeye kabisa!"

Jumatatu Nyawira alipanda ngazi mbio. "Mzee, asante sana! Bila wewe ningempelekea bibi baba wa mtu mwingine."

Fundi akatoa pini mdomoni. "Sawa. Sasa toka hapo dirishani, unanizibia mwanga."