Mlinzi wa Ufa

Tangu kipimo kionyeshe kwamba gesi ya radoni, ile ya sumu isiyoonekana wala kunuka, inatoka ardhini na kujaa chumba cha chini anakolala mjukuu wake, babamkwe aliweka kiti juu ya ufa wa sakafu, akakikalia. Chai aliinywea hapohapo. Akipiga chafya, alikishika kiti kwa mikono miwili na kumuuliza mkamwana wake, “Imetoka?”

Fundi alikuja na bomba na feni ya kuivuta gesi hadi juu ya paa.

“Mzee, tupishe kidogo.”

“Nikiinuka, mtoto ataivuta.”

“Lakini inapenya sakafu nzima, mzee, si hapo tu.”

Babamkwe akaikagua sakafu pembe hadi pembe, uso ukamsawijika. “Basi leteni viti vingine.”

Fundi akaangua kicheko. Mkamwana hakucheka, aliiona miguu ya mzee ilivyovimba. “Nikupokee zamu, baba. Kapumzike,” akasema, akakalia kiti kilichokuwa bado na joto la mkwewe. Mzee akapanda ngazi akijikokota, akigeuka kila hatua kuhakikisha kwamba bado amekikalia.

“Haya, dada, sasa inuka,” fundi akanong’ona.

“Toboa pembeni,” akajibu. “Nainuka kipimo kikishuka.”