Mazoezi Ndani ya Stoo ya Shule

Nilianza kufundisha kabla sijapata cheti, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika shule ya msingi iliyokuwa mlimani juu ya Keumbu. Nilipewa darasa la tatu. Miongoni mwa watoto wangu alikuwamo msichana wa miaka kumi ambaye mama yake alimleta kila asubuhi akiwa amembeba mgongoni, miguu imening'inia. Polio ilimpata akiwa na miaka mitatu. Mama alimkalisha kwenye dawati la mbele, akamfunika magoti kwa leso, kisha akakimbilia kuchuma majani chai. Saa nane alirudi kumchukua. Muda wote huo mtoto hakutoka nje. Ilinichukua muhula mzima kugundua kwamba alikuwa hanywi chochote asubuhi ili asihitaji kupelekwa chooni.

Hesabu alizimaliza kabla sijamaliza kuziandika ubaoni. Lakini vyuma vya miguu alivyotengenezewa hospitalini alipokuwa mdogo havikumtosha tena, na magoti yalikuwa yameanza kukunjika.

"Kila mwezi yanazidi, mwalimu," mama aliniambia. "Nayakanda kwa mafuta. Nikiyanyoosha analia, naacha."

Nilishuka hadi Kisii. Katika ofisi ya elimu afisa alinipokea vizuri, akaniagizia chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, kazi yetu ni masomo," akasema. "Miguu ni ya hospitali."

Hospitalini karani hakuinua macho. "Huyo ni mwanafunzi wa shule ya serikali. Lete barua ya ofisi ya elimu, tutajua tumwandike wapi."

Nilikwenda mara tatu kati ya milango hiyo miwili. Mara ya tatu nilikuwa nimeshafika getini mwa hospitali, nimekasirika, mtu mmoja mwenye koti jeupe akanifuata. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yeye peke yake kwa wilaya nzima, mtu wa pwani ambaye Kiswahili chake kilinifanya nikionee haya changu.

"Dada, barua hiyo hutaipata," alisema. "Lakini Jumamosi ya kwanza ya mwezi gari la chanjo hupanda kwenda Keroka. Likinishusha kwenu, ninazo saa mbili kabla halijarudi."

Jumamosi ilikuwa Sabato, na familia ile ilikuwa ya Waadventista. Mzee wa kanisa alimwambia mama kwamba siku hiyo shuleni hakuendwi. Mama alimsikiliza kwa heshima. Jumamosi ilipofika alikuja, amevaa nguo zake za kanisani, mtoto mgongoni.

Tulitumia stoo. Tuliunganisha meza mbili katikati ya majembe na katoni za chaki, tukatandika magunia. Mtaalamu alituonyesha jinsi ya kushika paja, jinsi ya kubonyeza goti polepole na kuhesabu hadi thelathini.

"Msivute," alisema. "Ngojeni msuli ukubali."

Kisha akamtazama mtoto akazungumza naye, nami nikatafsiri kwa Kikisii. "Itauma kila siku. Ukiacha, utaumia zaidi baadaye."

"Kwa siku ngapi?" mtoto akauliza.

"Mpaka uwe mkubwa."

Mtoto akafikiri kidogo, akachukua leso ya mama yake, akaiuma.

Tangu siku hiyo nilifanya naye mazoezi kila adhuhuri, wenzangu wakila. Ilikuwa kazi ya kutisha. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, na nilikuwa namuumiza mtoto kwa mikono yangu mwenyewe, nikihesabu kwa sauti ili nisimsikie. Lakini magoti yalilegea. Mtaalamu alileta vyuma vipya, akaleta na magongo. Katika muhula wa tatu msichana alitoka mlango wa darasa akaenda hadi kwenye mlingoti wa bendera, peke yake, akiwa amelowa jasho. Mama yake, aliyekuwa amefika mapema siku hiyo, alikaa chini kwenye nyasi kana kwamba amesukumwa.

Mwezi uliofuata gari la chanjo lilipita bila kusimama. Mwezi mwingine vilevile. Nilishuka hospitalini, nikakuta chumba cha mtaalamu kimejazwa maboksi ya maziwa ya unga. Alikuwa amehamishwa.

"Atakuja mwingine?" niliuliza.

"Tumeandika," wakasema.

Majuma machache baadaye nikapata barua yangu ya kwenda chuo cha ualimu. Nilikuwa nimeingoja miaka miwili. Nilimwomba mwalimu mwenzangu aendelee na mazoezi, nikamfundisha, akakubali. Nilimweleza mama. Mtoto sikumwambia. Nilijidanganya kwamba sikutaka kumvuruga wakati wa mitihani. Kusema kweli niliogopa uso wake.

Likizo zangu nilizimalizia kwetu Nyamira. Nilirudi shuleni kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka miwili, na mwenzangu alinieleza kabla sijamuuliza.

"Nilifanya wiki mbili. Mtoto alikuwa analia. Wazazi wa watoto wengine wakaja kuuliza mwanamume anamfanya nini mtoto wa kike ndani ya stoo. Mwalimu mkuu akachukua ufunguo. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Nilishika njia ya kwenda kwa kina msichana.

Nilimkuta nyumbani kwao, amekaa juu ya mkeka uani, anapukuchua mahindi. Magoti yalikuwa yamekunjika kabisa, yamekauka hivyo. Mama alisema vyuma havikuingia tena, na kwamba mtoto alikuwa mzito sasa, mgongo wake yeye mama umekataa kumbeba. Shule alikuwa ameacha.

"Ulienda bila kuniambia," msichana alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nafanya mwenyewe. Nahesabu hadi thelathini. Lakini ukikaa, mikono yako mwenyewe haina nguvu ya kubonyeza." Alisema hayo bila lawama, kama mtu anayeeleza hesabu iliyokataa. "Nilijua utarudi baada ya likizo."

Nilimwambia kuna madaktari Nairobi wanaoweza kupasua na kuinyoosha mishipa iliyojikunja. Niliahidi kuandika, na baadaye niliandika. Ofisi ya elimu ilijibu kwamba kwa kuwa mtoto huyo si mwanafunzi tena, jambo lake haliwahusu. Hospitali haikujibu.

Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza kujikusanya juu ya vilima, nikaaga. Kwetu mgeni hasindikizwi na wakubwa tu; yeyote aliyempenda huinuka naye. Msichana alivuta pembeni ya mkeka vipande viwili vya tairi vilivyotengenezwa kama kandambili, akaviingiza mikononi. Kisha akaanza kutembea kwa mikono yake, mwili ukiburutika nyuma, mbele yangu, kwenye njia ya udongo mwekundu katikati ya migomba.

Nilipunguza hatua zangu. Akageuka akaniambia nisimngoje, nitanyeshewa.

Alinifikisha hadi barabarani.