Pembe ya Picha ya Bi Hilwa

Kasian alinipigia saa nne asubuhi nikiwa kazini Deira, huku Uarabuni, nabandika majina kwenye maboksi ya mizigo. Alisema kaka yangu Mahfudh ameanguka karakanani Al Qusais, na madaktari wameshasema khalas. Nikasema Inna lillahi, nikamalizia boksi lililokuwa mkononi. Sijui kwa nini.

Mahfudh alitoka Lamu miaka kumi na tisa iliyopita, na miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kutia picha za watu fremu. Kasian alikuwa mwenzake wa meza moja. Jioni, tukingoja karatasi za maziko, akanieleza mimi dada mtu jambo lililokuwa likimsumbua marehemu.

Kulikuwa na picha ya Kijapani, ya kuchapwa kwa vibao vya mbao: vijiji vya wavuvi vimefuatana ufukweni, nyavu zimeanikwa, mlima nyuma. Mwenyewe ni Bi Hilwa, mjane wa Kizanzibari anayekaa Muraqqabat. Zamani mtu aliigundisha kwenye kadibodi, na Mahfudh alipokuwa akiibandua, pembe ikachanika na kibanda kimoja kikaharibika kabisa. Arbab, tajiri wao wa karakana, akamwambia aifiche kwa fremu pana, nani atajua. Mahfudh akakataa. Lakini kumwambia Bi Hilwa nako kulimshinda. Wiki tatu alikuwa akisema kesho, inshallah.

Kitu cha mtu ni amana. Sikutaka kaka yangu aingie kaburini na jambo ambalo mwenye mali halijui.

Asubuhi tuliibeba ile picha, mimi na Kasian. Nilikuwa nimechoka hata ngazi tatu za nyumba ile niliziona nyingi. Nilimweleza Bi Hilwa yote pale pale mlangoni, kwa kuwa nilijua nikikaa nitaogopa. Akavaa miwani, akaitazama ile pembe muda mrefu.

"Hapa palikuwa na kibanda," alisema. "Mume wangu akisema ndicho tutakachohamia tukizeeka. Mie nikimwambia, nenda peke yako, mie siwezi kupara samaki kila siku."

Hakucheka. Nasi hatukucheka.

"Mbona hakuja mwenyewe alipokuwa hai?"

"Aliona haya, Bibi."

"Haya imemchosha bure." Akavua miwani. "Nimemsamehe, mwanangu, duniani na akhera. Nendeni mkamzike."

Waoshaji walipomaliza waliniita. Alikuwa ndani ya sanda, uso tu haujafunikwa. Nikambusu kwenye kipaji cha uso, kilikuwa baridi, nikamwambia kwamba Bi Hilwa ameridhia. Kisha nikamsomea Fatiha. Mwosha mmoja aliniambia kwa upole kuwa wakati umefika, nikasogea. Wakamfunika, wakambeba. Aliswaliwa baada ya alasiri na kuzikwa papo hapo makaburini Al Qusais. Mimi nilikaa upande wa wanawake mpaka wanaume waliporudi.